Nilivyosugua Shavu la Bi Mwanasha

Mimi ni daktari wa familia, nina zahanati Magogoni, na aibu iliyonipata juzi naisimulia mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wengine.

Tuliitwa hotelini Shanzu kufundishwa namna ya kumtambua na kumtunza mgonjwa wa mpox. Mwalimu wetu alisema mchana watakuja waigizaji waliopakwa rangi mfano wa vipele, nasi tuwapime. Basi akaingia mama mmoja wa Likoni, Bi Mwanasha, akafunua nikabu yake. Uso mzima ulikuwa mabaka na vishimo.

Nikataka kujionyesha. "Mashallah, fundi aliyekupaka ana mkono!" Nikachovya pamba kwenye spiriti, nikamsugua shavu ili wenzangu waone ustadi wa ile rangi. Haikutoka. Nikaongeza nguvu, huku nacheka. "Rangi gani hii, ya mashua?"

Akanishika mkono taratibu. "Haitoki hiyo, mwanangu. Mimi si mwigizaji. Niliugua, na kila daktari niliyemwendea akaniambia ni tetekuwanga. Tangu nipone, hata majirani hawajauona uso huu. Nimekuja kuwafunulia nyinyi muutizame vizuri, asije na mwengine akakosewa."

Nikaitupa ile pamba. Wallahi, miaka yote ya udaktari sijapata kuona ujasiri kama ule, na mimi ndiye niliyekuwa nikiusugua kwa spiriti.

Bi Mwanasha akausogeza uso wake karibu na taa.

"Haya, daktari," akaniambia. "Anza upya."