Mtu wa Kwanza Kuingia

Mimi nina hasira za karibu. Waliokaa nami kwenye nyumba za mgodi watawaambia. Miaka ile ya sabini, paa la mgodi wa makaa ya mawe lilipomvunja jirani yetu kiuno, sikulia. Niliwauliza wanaume waliokaa barazani kwangu, "Hivi nyie mnamwogopa meneja kuliko jiwe?"

Walicheka kidogo. Mume wangu akasema, "Mama, ukali huo ungeuacha Iringa. Huku Mbeya tutafukuzwa kazi." Nilikuwa nimeolewa kutoka Igowole, kule kule Iringa, na utani huo nilishauzoea.

Wachimbaji wa zamani walikuwa na desturi yao. Kabla ya zamu, mtu mmoja hutangulia ndani na nondo, akagonga paa na kusikiliza. Likijibu kwa mlio mkavu, wenzake wanaingia. Likijibu kama ngoma, anatoka mbio. Msimamizi aliipiga marufuku desturi hiyo, eti inakula muda. Tawi la chama cha wafanyakazi lilikuwepo, lakini mwenyekiti wake alikuwa karani wa meneja mwenyewe. Kesi ya nyani unampelekea ngedere?

Basi asubuhi moja wachimbaji wakagoma kuingia. Walikaa kwenye mteremko ndani ya ukungu, taa zao zimezimwa, wakasema hawashuki mpaka wachague mtu wao. Sisi wanawake tuliwapelekea ndizi zilizopikwa. Gari la polisi likaja likasimama barabarani, askari wakabaki ndani wakitutazama tu. Afadhali wangeshuka watutukane.

Jioni meneja alikubali. Watachagua mwenyekiti wao, na hakuna atakayeingia kabla huyo hajagonga paa. Wakanyoosha mikono, wote, kwa mume wangu. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka, nikachinja kuku.

Alikuwa anatafuna firigisi aliposema, "Kesho natangulia."

"Wapi?"

"Ndani. Kugonga."

Jamani, nilikuwa sijalifikiria hilo. Furaha yote ilinitoka, nikamwambia kwa ukali akatae, kazi hiyo apewe karani. Akasema karani hajui kusikiliza, na watu wamemwamini yeye. Akaomba mchuzi zaidi.

Tangu hapo kila asubuhi nilifua nguo nje, hata zilizokuwa safi, ili niwe karibu na mgodi. Masika yalipofika, maji yakaanza kuchuruzika mlangoni mwa mgodi. Mume wangu aliingia kama kawaida. Wenzake walisubiri nje kama walivyopatana, wengine wakivuta sigara. Kishindo kilipokuja hakikuwa kikubwa. Vumbi ndilo lililotoka jingi, na yeye hakutoka.

Msibani walinishika mkono mmoja mmoja, wakaniambia utaratibu umefanya kazi, wengine wote ni wazima. Walisema kwa wema. Nilitamani kuwazaba makofi, na papo hapo nilishukuru kwamba wake zao hawakuwa wanalia kama mimi.

Tulipomaliza matanga walichagua mwingine, kijana aliyekuwa ameoa juzi tu. Asubuhi mkewe alikuja kwangu, akaketi jikoni, chai hakuigusa. Sikumzungusha.

"Mdogo wangu, kamwambie akatae. Usione aibu. Mlilie, mfungie mlango, fanya lolote."

Aliinamisha kichwa.

"Nimemwambia, dada," alisema. "Ameshaingia."