Mtoto Aliyeshtuka kwa Sinia

Nilikuwa na mimba yangu ya kwanza, ya miezi saba, tukikaa kisiwani Koyama siku za utawala wa Mtaliani. Mume wangu alikuwa fundi wa kuunda vyombo vya baharini, na kila alipogongomea mbao nyuma ya nyumba mtoto alinipiga teke. Ikafika siku, tangu alfajiri hadi adhuhuri, sikuhisi kitu. Nilimwambia mama mkwe, akamwita mkunga, shangazi yake mume wangu.

Hakuuliza mengi. Alinilisha tende, akanilaza kwa ubavu wa kushoto, akaweka kiganja tumboni. Kisha akagonga sinia la shaba kwa kijiko, mara moja tu. Mtoto akaruka hata leso yangu ikatikisika.

"Ameshtuka," akasema. "Mchu huyu, mtu mzima huyu, yuasikia. Alikuwa amelala tu."

Nililia kwa furaha. Lakini mume wangu hakutulia mpaka twende kwa daktari Kismayo, na shangazi akafuatana nasi. Daktari, Mtaliani, alinisikiliza tumbo kwa kipembe cha mti, ncha moja tumboni na nyingine sikioni mwake, akaridhika. Msaidizi wake Msomali alitufasiria.

"Muulize," shangazi akamwambia, "kusikia huko huanzaje?"

Daktari akachukua karatasi, akachora. Kiumbe kikiwa kidogo kuliko punje ya mchele, alisema, mgongoni pake hutokea utando bapa kama jani. Kingo zake huinuka, hukunjana, hushikana, ukawa mrija. Upande wa kichwani hufura ukawa ubongo, ambao ndio hupokea sauti. Uliobaki huwa uti ulio ndani ya mgongo. Humo ndimo huchipuka mishipa ya fahamu, ikaenda hata vidoleni. Na mrija huo hufungika kabla mama hajajua vizuri kwamba ana mimba.

Nilishika tumbo langu. Siku hizo nilikuwa nikitwanga mtama, sina habari.

Daktari naye akamuuliza shangazi: watoto huanza kushtuka mwezi wa ngapi?

"Wa tano nikigonga, kimya. Wa sita, wengine hushtuka, wengine la. Wa saba, karibu wote."

Daktari akaandika. Shangazi akaitazama kalamu ya daktari, akaongeza, "Aandike pia kwamba mtu asigonge mara mbili. Humchosha mtoto."

Binti yangu alizaliwa salama, mikononi mwa shangazi. Alipokwisha kumfuta nilimpa kidole, akakikamata kwa nguvu, nami nikashindwa kukichomoa.

"Nani amemfundisha?" nikauliza.

Shangazi akacheka. "Mwache, mwanangu. Mnyonyeshe."