Mama Aliyengoja Zamu Yangu

Kwenye timu yetu ya wakunga, mama mjamzito huonana na sisi sote mapema, kwa sababu atakayemzalisha ni yeyote mwenye zamu siku hiyo. Ndivyo tunavyofanya kazi hapa Sydney, nami nauamini utaratibu huo. Mama mmoja Mkongo wa Seven Hills aliitikia kwa kichwa, akawachekea wenzangu wote, halafu akanivuta kando mimi, niliyekuwa peke yangu mwenye kujua Kiswahili: "Dada, zamu yako ni siku gani?" Nikamtania kwamba watoto hawasomi ratiba, lakini nikamwambia.

Siku moja kabla ya zamu hiyo nilikuwa sokoni Cabramatta nikichagua bamia, mwenzangu aliyekuwa kazini aliponipigia. Yule mama hakuwa amefika kliniki na simu yake hapokei. Nikapiga mimi, akapokea binti yake.

"Mum's fine, aunty. She's just walking around."

Eti mzima, anatembeatembea tu, na nyuma yake nikasikia mguno. Mguno ule mkunga hahitaji mkalimani.

"Mpe mama simu. Sasa hivi!"

"Dada," mama akasema, pumzi zikimkatika, "niko nangojea kesho. Si wewe iko kesho?"

"Chupa imepasuka?"

"Maji ilitoka asubuhi."

"Rangi gani?"

"Kama majani."

Mtoto alikuwa amejisaidia humo tumboni. Angeweza kuvuta uchafu ule akashindwa kupumua. Subira huvuta heri, lakini jamani, si hii! Nilikasirika na kuogopa kwa pamoja. Nikaita ambulensi, nikamwambia mwenzangu awasubiri hospitalini. Mimi, kwa foleni za magari za mchana ule, nisingewahi.

Walipomfikisha mama hospitalini, mwenzangu alinipigia, akaweka simu kwenye mto wa mama. Yeye akawa mikono, mimi sauti. Pumua. Ngoja. Sukuma, mama, sukuma! Watu walinipita na mboga zao wakinishangaa ninavyosukuma peke yangu hapo sokoni. Kisha nikamsikia mwenzangu akisema, "Baby's out," mtoto katoka, na baada ya hapo kimya. Nilimwita Mungu kwa Kikuyu, lugha ninayoitumia nikizidiwa.

Mtoto akalia, kilio kikavu cha hasira.

"Dada," mama akauliza, "ni nani anamushika?"

"Mwenzangu."

"Umuambie asimuachilie."