Dagaa kwenye Mtungi wa Shangazi

Shangazi aliyenilea alikataa kuhama Mwamgongo, kijijini kwao kando ya ziwa. Mume amezikwa, magoti hayamtii, maji anatekewa na majirani, na bado alikataa kuja kukaa kwangu Rusimbi, mjini Kigoma. Nilipombana kwenye simu akatoa sharti. Maji ya friji yanamkata koo, ya ndoo ya plastiki yananuka ndoo. "Siku ukiwa na mtungi nitakuja nionje. Yakinishinda, kesho yake napanda boti."

Ningeweza kununua mtungi sokoni, lakini nina kichwa kigumu, nikataka kuufinyanga mwenyewe. Nikajiunga na karakana ya ufinyanzi pale Ujiji. Mwalimu wetu alikuwa kijana kutoka Dar es Salaam, mwenye ndevu zilizochongwa vizuri kuliko chungu chochote alichowahi kutufinyangia.

Neno lake lilikuwa moja: tekscha, yaani uso wenye mparuzo. "Akina mama, chungu laini ni chungu bubu! Tokeni nje, mguse asili, mniletee tekscha." Tukatoka, watu wazima na heshima zetu, tukaanza kupapasa magome ya miti njiani huku wapita njia wakitupa pole. Mwenzetu mmoja, mzaliwa wa Burundi, akapachika maharage makavu shingoni mwa chungu chake. Yakanywa unyevu wa udongo, yakavimba, chungu kikapasuka. Mwalimu akasema huo nao ni ujumbe. Mwenye chungu akamjibu kuwa angeupika ujumbe huo jioni kama usingejaa tope.

Mimi nilitaka kitu cha ziwani, ili shangazi akiuona mtungi aone kwao. Nikachukua dagaa wakavu, nikawakandamiza kwenye tumbo la mtungi mbichi, safu kwa safu, vichwa vyote upande mmoja. Tanurini wangeungua, alama zao zingebaki. Ulipendeza, nasema bila haya. Nikauacha ukauke pale karakanani, nikaenda zangu nyumbani nikijiona fundi.

Sasa niambieni, ni mjinga gani wa Kigoma anayeacha dagaa wazi? Kesho yake nilikuta wote wameng'olewa, na tumbo la mtungi limejaa mikwaruzo ya kucha kutoka shingoni hadi kitakoni. Udongo ulikuwa umeshakauka, haurekebishiki, na shangazi alikuwa ameshaaga majirani. Nilitaka kulia.

Mwalimu akaingia. Akauzunguka mtungi, akafumba macho, akapitisha vidole kwenye ile mikwaruzo.

"Hapa," akanong'ona, "mkono umekubali kuwa huru."

"Ni paka, mwalimu."

Akacheka kwa upole, akasema unyenyekevu nao ni sanaa. Akawaita wenzangu waje wajifunze, akasema mtungi ukishachomwa atakuja kuuchukua kwa ajili ya maonyesho. Nimevikwa vilemba vya ukoka maishani, lakini hicho kilikuwa cha paka kabisa.

Mtungi ukachomwa, nikaupeleka nyumbani na kuujaza maji. Shangazi alifika na kikapu kimoja, kama mtu wa kulala na kuondoka. Chumba nilichomwandalia hakukiulizia. Alikwenda moja kwa moja kwenye mtungi, akaupapasa.

"Una upele huu." Akainama zaidi. "Eh! Ni paka. Tena alikuwa na njaa." Akacheka mpaka akashika ukuta. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu matanga ya mumewe. Kisha akachota maji, akanywa, akafuta midomo kwa kanga. Niliogopa kumuuliza.

Kesho yake mwalimu akapiga hodi, ameshika gunia la kuufungia mtungi. Shangazi alikuwa ameketi mkekani kando ya mtungi. Alikuwa ameujaza upya na kuufunika sahani. Kikapu chake kilikuwa tupu mlangoni, na kanga zake nilikuwa nimeziona chumbani, zimetundikwa.

"Shikamoo, bibi. Nimekuja kuchukua mtungi wa maonyesho."

"Marahaba. Huu tunanywea," shangazi akasema. "Wewe kachukue paka."