Kamba ya Mwani na Raundi za Sikukuu

Mwanangu, iko Idd moja ya ujana wangu ambayo naikumbuka kwa kamba tu. Nguo niliyovaa nimeisahau, hata pilau ya nyumbani siikumbuki, lakini ile kamba naiona mpaka leo. Nimesikia sheha wa mtaa amekupa kazi ya kuwaangalia vijana wa bodaboda wanaozunguka mtaani siku za sikukuu. Tena nimeliona daftari lako, kila ukurasa umepigwa mistari kwa rula. Nikajiona mimi mwenyewe. Kaa basi nikusimulie.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, hapa hapa Wete. Alasiri ya Idd ikifika, vijana wenye vespa na pikipiki za kuazima, na wawili watatu waliopewa gari na baba zao, walikuwa wakipiga raundi. Wanapanda kwa njia ya msikiti, wanashuka kwa njia ya skuli, redio juu, mkono nje ya dirisha, wanapita mbele ya wasichana waliovaa nguo mpya, kisha wanarudi tena. Raundi ishirini, thelathini, na hakuna anayeshuka. Idd iliyotangulia, gari moja lilimkanyaga mtoto mguu. Sheha akasema akiumia mtu mwengine, sikukuu ya mtaa wetu basi, watu wataisherehekea kwengine. Akanipa mimi kazi ya kuwatuliza madereva.

Nilipewa mimi kwa sababu nilijulikana kwa uangalifu. Uangalifu huo, nakwambia wewe kwa siri, ulikuwa hofu. Sikufika mbali na masomo. Mambo ya barabarani nilijifundisha mwenyewe kwenye kitabu kikongwe kilichong'oka jalada, na kila siku niliogopa kwamba mwenye kusoma kweli atanigundua. Kwa hiyo niliandika masharti ya madereva kwenye daftari, nikayachana, nikayaandika tena mara saba. Nilipima barabara kwa hatua. Sikuzungumza na dereva hata mmoja.

Shangazi yangu wa Kiuyu alikuwa akilima mwani, nikamwomba kamba. Unaijua kamba ya mwani, nyembamba, ngumu, haikatiki kwa mkono. Idd mosi nikaifunga kutoka mnazi mpaka nguzo, ikakingama penye kona, usawa wa kifua, ili watoto wapite chini na magari yasimame. Nikaitundikia vitambaa vyekundu vionekane kwa mbali. Nikarudi nyuma kutazama. Vitambaa havikulingana. Kimoja kirefu, kimoja kifupi, vyengine vimepinda. Mwanangu, nilishindwa kuvumilia. Nikavitoa vyote, nikaingia ndani kutafuta mkasi nivikate upya.

Mkasi nilikuwa sijaupata niliposikia kishindo.

Hamadi, kijana wa mtaa wa pili ambaye wenzake wote wa pikipiki walikuwa wakimfuata, alikuja kwa pikipiki penye kona na jua la alasiri likimpiga usoni. Kamba hakuiona. Ilimkamata begani, ikamtupa chini. Ingepanda kidogo tu ingekuwa shingo. Nilipotoka watu wameshamzunguka, naye ameshika bega lake, uso umekuwa wa majivu.

Bi Time, bibi aliyekaa nyumba ya mbele yetu, alikuwa barazani kwake kama kawaida, maana magoti yalishamkataza kutembea. Aliona yote.

"Nani kaweka kamba hii?"

"Mimi, Bi Time."

"Ya nini?"

"Wapunguze mwendo."

Akamtazama Hamadi anavyonyanyuliwa. "Basi huyu kapunguza."

Nilitamani nifukiwe pale pale. Yeye hakuninyamazia. "Hao vijana umewauliza wanakwenda wapi?"

"Hawendi popote, Bi. Wanazunguka tu."

"Ndo nakwambia! Hawana pa kwendea, na wewe unawafungia njia. Wape pa kwenda. Mie mwaka wa tatu huu sijampa dada yangu Mize mkono wa Idd, na bati la nyumba yake naliona kutoka hapa. Magari yanapita mbele yangu matupu kutwa nzima, hapana hata mmoja aliyeniuliza kama nataka kupanda. Wala wewe hukuniuliza, na daftari lako hilo."

Jioni ile nilikwenda kwao Hamadi. Njiani nilitunga uongo mara tatu, na kila mmoja niliuona una kasoro. Pengine ndiyo siku pekee ambayo tabia yangu ilinifaa. Nikamkuta amelala, mfupa wa bega umevunjika, mkono umefungwa kwa kanga ya mama yake.

"Kamba niliifunga mimi," nikasema. "Na vitambaa nilivitoa mimi."

"Yakhe, ulivitoa kwa nini?"

"Havikulingana."

Akanikodolea macho, kisha akaanza kucheka. "Usinchekeshe wewe, bega!"

Mama yake hakucheka. "Mwanangu angekufa kwa vitambaa?" aliniuliza, taratibu kabisa. Nikaomba radhi kwake, nikaomba kwa Hamadi, kisha nikawaeleza maneno ya Bi Time. Hamadi akafikiri, akasema, "Wewe hawatakusikiliza. Mimi watanisikiliza."

Alasiri ya Idd pili Hamadi alikaa kitini penye kona, mkono umefungwa, akiwaelekeza wenzake kwa mkono mmoja. Wenye gari walibeba wazee, kila raundi nyumba moja mpaka nyengine. Wa vespa na pikipiki waliwatangulia pole pole kuwatoa watoto njiani. Bi Time alipandishwa gari la mwanzo.

"Redio hiyo zima, nina kichwa mimi."

"Haya, bibi."

"Na taratibu! Unakimbilia wapi, Mize hakimbii."

Kijana aliyezoea kupita pale kama risasi aliendesha mwendo wa kobe. Kwa Bi Mize, wale dada wawili walishikana mikono dirishani mwa gari, wakalia, na foleni nzima nyuma ikangoja bila hata honi moja. Wasichana waliwatazama madereva kuliko siku zote, na hilo, naona, liliwakolea zaidi. Sheha alikuja na hasira za bega la Hamadi, akaiona foleni ile, akalirudisha neno lake, na sikukuu ikabaki mtaani kwetu.

Kwa hiyo mwanangu, daftari lako liweke kwanza. Nenda ukakae na hao vijana wa bodaboda, ujue majina yao, uwaulize wanataka nini, kisha uwape kazi ambayo mtaa mzima utawaona wakiifanya. Usifunge kitu njiani ambacho hungekifunga kama ni ndugu yako anayekuja. Na kitambaa kikipinda, kiache kining'inie. Ukikosea, nawe utakosea, nenda siku ile ile kwa uliyemuumiza, wala usingoje maneno yakae sawa.

Mungu akupe macho ya kuona mtu kabla ya mstari, akulindie wanaopita mbele yako, na Idd hii ipite mtaani kwetu kila mtu akirudi kwao mzima. Amin.