Chaki ya Pajani

Mwalimu wetu wa vijana, kanisani kule Geita, alikuwa anafuta ubao kwa kiganja kisha anajipangusa pajani, na suruali yenyewe ya Jumapili. Siku moja mwenzetu Masalu alimuuliza mbona Mathayo anataja malaika mmoja kaburini na Luka watu wawili. Sasa tumwamini nani? Mwalimu akatuambia kila mmoja asimulie siku duara, lile shimo la wachimbaji wa dhahabu, lilipobomoka. Tukabishana: asubuhi, hapana, mchana, mvua, hapana, jua kali.

"Kwa hiyo duara halikubomoka?" akauliza kwa upole.

"Lilibomoka, Mwalimu!" Masalu aliruka. "Baba si alitolewa kwenye kifusi akiwa hai!"

Mwalimu akatabasamu, akafuta ubao. Juzi, tulipotoka kumzika, tulibishana kama suruali ile ilikuwa ya kijivu au ya kahawia. Kuhusu chaki ya pajani, hakuna aliyebisha.