Mlango wa Nyuma Jikoni Kwangu

Katika mtaa wetu wa Kitale, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuweka sinki la chuma lenye mabakuli mawili. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu hakuna aliyenipa. Nilikwenda Uingereza nikiwa msichana wa kuosha sufuria katika jikoni la hospitali. Mchana niliosha, jioni nikasoma, nikapanda hadi kuwa mpishi pale pale, na niliporudi nyumbani, miaka ya themanini ikielekea kuisha, nilikuwa na diploma ya upishi, visu vyangu mwenyewe na futi ya kupimia niliyoijua kuliko mafundi wengi.

Ramani ya nyumba niliichora mimi. Mume wangu, ambaye ni mwalimu, aliniuliza kitu kimoja tu, kiti chake kitakaa wapi. Jikoni nililiweka ndani, nyuma ya sebule. Nilikuwa nimeapa kwamba sitakimbia tena kwenye mvua na ugali mkononi, kutoka kibanda cha kupikia hadi nyumba kubwa, kama nilivyokimbia utoto wangu wote kule Matulo. Sinki, friji na jiko la gesi nilivipanga pembetatu, mpishi asipoteze nguvu kutembea. Ukuta wa nyuma wote niliujaza kabati nyeupe za fomaika, na droo nilimrudishia fundi hadi zikafunguka kwa kidole kimoja. Mlango wa nyuma sikuweka. Mlango unakula ukuta, na ukuta ndio kabati.

Walimu wenzake mume wangu walileta wake zao kuangalia. Waliangalia wakaenda wakinuna, nami nikafurahi. Lakini jikoni lile sikuwajengea wao. Nilimjengea mama. Nilitaka asimame kwenye sinki langu, afungue maji kwa mkono wake, kisha arudi Matulo aseme.

Alikuja na mdogo wangu, yule aliyeachia shule njiani akaolewa Bungoma. Mama aliingia getini, akanisalimu, kisha akaizunguka nyumba nzima akitafuta. Akarudi mbele.

"Jikoni ni wapi?"

"Ni ndani, mama. Pitia hapa sebuleni."

Akachungulia mlangoni. Aliona viti, akaona koti la mume wangu limetundikwa kwenye kiti chake. Akarudi nyuma hatua.

"Hapa ni kwa mkwe wangu."

"Mama, ametoka. Ametoka kwa sababu yako, na hatarudi mpaka mmeondoka."

"Ametoka yeye. Kiti chake kimetoka?"

Mdogo wangu akaangua kicheko, akajifunika mdomo kwa leso.

Kwetu mama na mume wa binti yake hukaa mbali kwa heshima. Hawapeani mkono, na mama hapiti pale mkwe anapoketi. Mimi nilidhani mambo hayo yaliisha. Ng'ombe wa mahari walishapelekwa, harusi ilifanywa kanisani, na mama mwenyewe ni mtu wa kanisa. Kumbe hayakuisha. Aliizunguka nyumba tena, akakaa kwenye nyasi chini ya dirisha la jikoni, mimi nikiwa ndani kwenye sinki langu, yeye nje, tukizungumza kupitia vyuma vya dirisha. Nilipotaka kumpa chai, kikombe hakikupita. Vyuma nilivibananisha mwenyewe kwa ajili ya wezi. Ikabidi mdogo wangu azunguke na chai ya mama yetu.

"Nyumba ni nzuri," mama alisema kutoka kule chini. "Nasikia maji yakimwagika."

Baadaye nilikwenda Bungoma kwa mdogo wangu. Jikoni kwake kulikuwa nyumba ya udongo, peke yake nyuma ya boma, na njia yake inayotoka shambani bila kugusa nyumba ya mume. Mafiga matatu, rafu nyeusi ya moshi, na benchi la udongo lililozunguka ukuta. Hakuna kilichopimwa. Ila ukuta ulikuwa umesiribwa upya kwa udongo mwekundu na mweupe, na katikati, kabla haujakauka, mtu alikuwa amevuta vidole vinne kama mawimbi, kutoka mlangoni hadi mafigani. Vidole vile nilivijua. Kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda.

"Mama alikuja kunisaidia kusiriba," mdogo wangu alisema, kana kwamba ni kitu kidogo.

Mama alikuwa amekaa pale kwenye benchi, miguu ameinyoosha. "Huyu mdogo wako amejenga," akaniambia.

Amejenga! Mimi niliyechora ramani, niliyebishana na mafundi juu ya kila kona!

Mvua zilipoanza mama hakuja Kitale. Nani angekaa chini ya dirisha kwenye mvua? Alikwenda Bungoma, mdogo wangu akiwa amejifungua, na akakaa huko hadi mahindi yakaota ndevu. Watu waliotoka upande huo waliniletea habari bila kuulizwa. Ati mama anamfundisha mdogo wangu kupika saga, ile mboga chungu inayolazwa na maziwa na kulainishwa kwa maji ya majivu. Mimi nilikuwa nimepikia wodi nzima za wagonjwa wa Kizungu, na saga ya mama sikuijua. Niliondoka nyumbani kabla ya kufundishwa. Sasa nilimwona mdogo wangu akilini, yule asiyejua hata kusoma mizani, akichota chungu chote peke yake.

"Si tuvunje huo ukuta tu?" mume wangu alisema siku moja nikigongesha vyombo.

"Pale ndipo kabati zangu zilipo."

"Basi wacha mama akae kwenye nyasi, bana."

Niliendelea kugongesha vyombo wiki nyingine, kisha nikamwita fundi. Akauliza tuvunje upande gani. Nikaweka mkono juu ya kabati la droo, kwa sababu ndiko njia ya shambani inakofikia.

"Si hizi ndizo ulizonirudishia hadi nikataka kuacha kazi?"

"Vunja."

Akavunja. Nilitoka nje nisione. Mlango ule mpya niliuchora vizuri, una paa dogo la kukinga mvua na ngazi ya chini anayoiweza mtu mzima. Ni mlango mzuri kuliko wa mbele.

Mama alikuja kwa njia ya shambani, mdogo wangu nyuma yake na kigoda kichwani. Aliingia. Alisimama katikati ya jikoni langu, akafungua maji, akayafunga, akayafungua tena. Akapitisha kiganja juu ya fomaika. Nikangoja.

"Ni safi," akasema. "Sasa hapa mtu anakaa wapi?"

Nikatazama huku na huku. Nilikuwa nimepima kila kitu kwa mtu aliyesimama. Viti vilikuwa sebuleni, na vya sebuleni ni vya mkwe, mama hawezi kuvikalia. Mdogo wangu akashusha kigoda chake.

"Nilijua tu, dada. Nyinyi watu wa Ulaya mnapika kama askari kwenye lindo."

Mama akakaa, kichwa chake hakifiki usawa wa meza yangu, asione friji wala kabati. Akaanza kuchambua saga. Mdogo wangu akatoa kopo la majivu kwenye kikapu.

"Moto wa dada hauna majivu," akamwambia mama. "Nimebeba."

Ningemtoa nje kwa mkono. Lakini mama alikwisha kuniita.

"Leta sufuria."

Nikaleta. Akanielekeza kutoka kule chini, nami nikakoroga.

"Si hivyo, dada," mdogo wangu akaanza. "Kwanza unatakiwa..."

"Wewe nyamaza," mama akamwambia. "Mwache apike. Kwako nilikaa mvua nzima."

Sijawahi kupewa kitu kitamu kuliko maneno hayo, na diploma naihesabu humo.

Walipoondoka, mdogo wangu aliinama kuchukua kigoda. Mama akamzuia. "Kiache. Nitakikuta."

Amekikuta mara nyingi, hadi sasa miaka ya tisini. Mimi nilimwagiza fundi kigoda changu, cha mti wa mvule, nikampa vipimo vya goti la mama na kukipaka vanishi. Kiko pale karibu na mlango, mtu hawezi kukikosa. Mama akija hukipita. Huvuta kile cha Bungoma kwa mguu, anakaa, kisha ananiambia nilete sufuria.